Majina Saba kwenye Bima ya Motokaa

Nilikuwa uani nageuza mbata juani. Mbata ni nazi zilizokaushwa, na ndiyo kazi yetu hapa Bagamoyo. Mume wangu, Kibwana, huzipeleka Dar es Salaam kwa motokaa yetu. Ilikuja kwa meli kutoka Uingereza, nasi tuliinunua mwaka 1955 ikiwa imekwisha tumika.

Kibwana alitoka ndani na karatasi mkononi. Hakunitazama usoni.

"Mama Mosi, bima ya motokaa inaisha Ijumaa. Wanataka shilingi mia sita na arobaini."

"Mwaka jana niliuza bangili zangu. Mwaka huu tuuze nini?"

"Nimefikiri tuliweke rehani lile shamba lako la minazi."

Hasira zilinipanda. Shamba lile aliniachia marehemu baba yangu. Sina kingine duniani.

"Thubutu!" nilisema. "Uza motokaa, uza kitanda! Shamba la baba huligusi!"

"Bila bima motokaa haitembei, mke wangu. Polisi watanishika."

"Lete hiyo karatasi!"

"Ya nini? Wewe Kiingereza hujui."

"Namjua anayejua."

Niliinyakua, nikajitanda kanga, nikaenda kwa jirani yetu Wilbrodi. Yeye ni mwalimu wa shule ya misheni, lakini zamani alikuwa karani wa bima Dar es Salaam. Kibwana alinifuata huku amenuna.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bi Mwanamvua. Habari za nyumbani?"

"Nzuri," nilijibu, ingawa hazikuwa nzuri hata kidogo.

Mwalimu alivaa miwani, akasoma polepole. Kisha akainua kichwa.

"Bwana Kibwana, madereva saba wa nini?"

"Saba?" niliuliza.

Akanisomea. Kibwana mwenyewe. Mdogo wake, Mrisho. Shemeji yake, Alawi. Mjomba wake, Bwanausi. Na binamu watatu wa Chalinze.

"Mjomba Bwanausi!" nilipiga kelele. "Leseni hana! Hata baiskeli inamshinda!"

"Ningefanyaje?" Kibwana alisema. "Ajenti wa bima alinikuta barazani. Akaniuliza nani wataendesha, na wote wamekaa pale wananitazama. Ningemtaja Mrisho nimwache mjomba? Angesema nimemtenga. Ni heshima tu."

"Heshima yako inalipwa na shamba la baba yangu!"

Mwalimu alituacha tugombane kidogo. Kisha akasema, "Kampuni ya bima inapima hatari. Kila mkono unaoongeza kwenye usukani ni hatari, nawe unailipia. Na huyu asiye na leseni, akigonga mtu, hawalipi. Pesa zake umezitupa."

Mwalimu aliigeuza karatasi.

"Motokaa uliinunua kwa kiasi gani?"

"Elfu nne na mia tano."

"Hapa imeandikwa elfu tisa. Hiyo ni bei ya motokaa mpya! Ikiungua kesho, watakulipa thamani yake ya kesho. Hizo elfu tisa unazilipia bure, huzioni. Nani aliandika?"

"Ajenti. Mimi nilitia saini."

"Ulisomewa?"

"Hapana."

Sasa Mwalimu naye alikasirika. Akaipiga meza. "Mtu mzima unatia saini kitu hujasomewa! Kiingereza hujui, si aibu. Mwambie akusomee kwa Kiswahili, neno kwa neno. Akikataa, usitie saini!"

"Basi nikate yote," Kibwana alisema. "Nichukue ile ya bei ndogo kabisa. Nitasema ni motokaa ya matembezi tu, sibebi biashara."

"Ole wako! Ukidanganya, siku ya ajali hupati hata senti. Na bima ya kumlipa mtu utakayemgonga ni sheria, haikatwi. Sema kweli yote. Taja wenye leseni wanaoendesha kweli, na thamani ya kweli. Nenda ofisini mwenyewe, usimngoje ajenti barazani."

Alhamisi tulikwenda Dar es Salaam, mimi na Kibwana. Nilikataa kubaki nyumbani. Karani alitusomea kila mstari. Nilimwambia arudie mara mbili, naye akarudia. Yaliandikwa majina mawili, Kibwana na Mrisho. Ikawa shilingi mia tatu na kumi. Tulilipa kwa pesa za mbata. Shamba la baba halikwenda kwa mtu, lakini sikumsemesha Kibwana njia nzima.

Jumapili Mjomba Bwanausi alifika na kanzu yake safi.

"Kibwana, nipe ufunguo. Nina harusi Fukayosi."

Kibwana alinitazama. Mimi nilimkazia macho.

"Shikamoo, mjomba. Ufunguo sikupi. Huna leseni, na jina lako halimo kwenye bima."

"Umenifuta? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Ukimgonga mtu, kampuni hailipi. Litauzwa shamba la mke wangu. Sikubali!"

"Umenitenga! Leo umenitenga mbele ya mwanamke!"

"Sijakutenga," Kibwana alisema, na sauti yake ilikuwa kali. Sijapata kumsikia akimjibu mjomba wake hivyo. "Nitakuendesha mwenyewe mpaka mlangoni mwa bwana harusi. Panda!"

Mjomba alisimama. Akatukana chini chini. Akaangalia jua, akaangalia kanzu yake, kisha akapanda mbele na kuubamiza mlango.

Alinuna mpaka Fukayosi. Lakini alifika.