Gunia Lililoloa Juu ya Antena

Walikutana Lodwar, katika duka la vifaa vya umeme lililojaa watu, wote wawili wameng'ang'ania waya uleule wa mwisho wa kulehemu.

"Achia, dada. Mimi nimetoka Kakuma."

"Hata kama umetoka Juba kwa miguu," akajibu Akal, mhandisi mwenye gauni la njano na ulimi mkali.

Lam, Msudani Kusini mrefu mwenye duka la intaneti katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akacheka. Waligawana. Miezi mitatu baadaye walikuwa wapenzi, na antena ya intaneti aliyoibuni Akal ilikuwa juu ya bati la Lam ikijaribiwa.

Ilikuwa antena bapa, isiyogeuka. Ndani yake mlikuwa na kimiminika cha fuwele, kama kile cha kioo cha televisheni. Ukikibadilishia volti, mawimbi yanaelekea unakotaka. Akal alikuwa ameipima mara mia ofisini, na haikukosea hata mara moja.

Kisha simu za Lam zikaanza.

"Saa sita mpaka saa tisa network inakufa. Kila siku."

"Umeichokora."

"Sijaigusa, habibti. Ni hii..."

"Usiniite mpenzi saa hii!" Akal akakata.

Siku moja Lam akamtumia picha: antena imefunikwa gunia linalochuruzika maji. Akal nusura apasuke kwa hasira. Akamtumia bosi wake ripoti kwamba mtumiaji ameharibu kifaa, kisha akaenda Kakuma kung'oa mali yake.

"Kazi ya miaka miwili unaimwagia maji kama sukumawiki!" akafoka akipanda ngazi.

"Na wewe kiburi imekujaa. Toa hiyo gunia uone."

Akalitupa chini. Jua la saa saba halikuwa na mzaha. Dakika kumi hazikuisha, wateja wakaanza kupiga kelele: mtandao umekatika. Akal akagusa kasha, likamchoma. Akapima joto: nyuzi sabini na nne. Hapo akaelewa. Kikipata moto kiasi hicho, kimiminika hakitii volti tena, na vipimo vyake vyote mia alivifanya chini ya kiyoyozi.

"Kwa nini hukuniambia ni joto?"

"Nimepiga mara nane. Umekata mara nane."

Lam alimtazama kama mtu asiyemjua. Akal aliona aibu, na aliogopa kumpoteza Lam zaidi ya kupoteza kazi.

Lam akalirudisha gunia, akalimwagia maji. Mtandao uliporudi, Akal akampigia bosi kwa mtandao huohuo, spika wazi ili Lam asikie.

"Ile ripoti si kweli. Kifaa kimeshindwa na joto. Kosa ni langu, si la Lam."

Bosi akaanza kufoka, sauti ikawa inakatikakatika. Lam akainua mtungi, akalilowesha gunia tena, taratibu.

"Ongea tu," akasema, bado amenuna. "Maji ingine iko."