Maji ya Kahawa ya Bi Kuruthum

Kila Jumatano, siku ya soko la wanawake la Ibra, Omani, Balqis aliamka alfajiri kufagia nyumba ya zamani ya udongo iliyokuwa mkahawa wa bibi yake, Bi Kuruthum. Mlango wake wa nakshi ulikuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote mtaani. Wanawake wakitoka sokoni waliingia hapo kupumzika, kula tende na kunywa kahawa ya iliki.

Zamani aliyeteka maji ni Babu Marhun, mume wa bibi. Tangu alipofariki, mwaka mmoja nyuma, ndoo yake alipewa Balqis, mwenye miaka kumi na miwili. Bomba lilikuwapo, lakini Bi Kuruthum hakulitaka kwa kahawa. Alitaka maji ya falaji, mfereji wa kale uliopita mtaani, nayo yatekwe juu kabisa, kabla hayajafika kwenye vyumba vya kuogea.

Jumatano moja ya likizo, joto lilikuwa kali na njia ya juu ni ndefu. Balqis akatazama huku na huku, akateka chini, maji yakiwa yamekwisha kupita chumba cha kuogea cha wanawake. "Maji ni maji tu," alijisemea.

Mkahawa ukajaa. Bi Shaikha, muuza vitambaa kutoka Mudhaibi, akaletewa finjani ya kwanza. Kwa desturi, mgeni humiminiwa kahawa mpaka aitikise finjani, ndipo ijulikane kuwa ametosheka. Bi Shaikha hakuitikisa. Alionja, akakunja uso, akaiweka chini imejaa.

"Kuruthum, leo umetupikia kahawa au sabuni?"

Wanawake wakacheka. Bi Kuruthum naye akaonja. "Wallahi nisameheni," alisema. "Macho yangu hayaoni sawasawa tena. Pengine sikulisuuza dele la kahawa vizuri."

"Ndiyo umri huo, dada," akasema Bi Radhia, jirani yake, kwa upole. "Na mwenzio hayupo. Funga upumzike."

Bi Kuruthum akainama. "Labda. Jumatano ijayo sifungui."

Balqis alisimama na sahani ya tende, masikio yakimwaka moto. Hakuna aliyemshuku. Lakini bibi yake alikuwa akilisugua lile dele la shaba kwa ncha ya leso, akitafuta uchafu usiokuwamo.

"Bibi, dele halina kosa," alisema. "Kosa ni langu. Sikupanda juu. Nimeteka chini ya wanapooga."

"Astaghfirullah!" Mwanamke mmoja akafuta midomo. Balqis alitamani ukuta ummeze.

Bi Kuruthum hakumkaripia. Alimwaga kahawa yote, akachukua ndoo, akamshika mkono. Walipanda pamoja, polepole, na kila bibi aliposimama kuvuta pumzi, aibu ya Balqis ilizidi.

Kahawa mpya ilipoiva, Balqis mwenyewe alimmiminia Bi Shaikha. Mgeni akanywa moja, mbili, tatu, kisha akaitikisa finjani.

"Hii ndiyo ya Marhun," alisema. "Kuruthum, Jumatano nisije nikaukuta mlango umefungwa!"

Wageni walipoondoka, Balqis alilia. "Nisamehe, Bibi."

"Babu yako naye aliwahi kuteka chini, siku mguu ulipomuuma," alisema Bi Kuruthum. "Lakini alinambia kabla sijawasha moto. Uvivu wako ungewaumiza watu matumbo, mjukuu wangu. Na kunyamaza kwako kulitaka kuufunga mlango huu. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwengine hajainamisha kichwa kwa kosa lako."

Jumatano iliyofuata, Bi Kuruthum alipofungua mlango, aliikuta ndoo ya Marhun kizingitini, imejaa, na kando yake viatu vya Balqis vimejaa vumbi la njia ya juu.