Kona ya Duanye

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Kétsia aliingia dukani kwa baba yake na kugonga sahani ya bati kwa kidole. Paka wao alishuka kutoka juu ya magunia ya maharagwe, akajinyoosha, akala ndagala wake, wale samaki wadogo wakavu, kisha akaanza kazi. Alizunguka duka zima na kunusa kila mzigo mpya. Ndiyo maana wateja wa mji wao, Kitshanga, walimwita Duanye, kama wale maofisa wa mpakani wasioacha mzigo upite bila kuukagua. Panya walimwogopa kuliko mtego.

Asubuhi moja Kétsia aligonga sahani, paka hakushuka. Magunia ya maharagwe hayakuwapo. Duanye alikuwa amejikunja nyuma ya mizani, masikio yamelala.

Papa Apollinaire, baba yake, alikuwa anafunga katoni za sabuni kwa kamba. Kétsia alimuuliza magunia yamekwenda wapi. Baba alijibu kuwa bidhaa huja na kuondoka, kisha akamwambia awahi shule.

Lakini bidhaa ziliondoka tu, hazikuja. Siku moja sabuni, siku nyingine chumvi, halafu vitenge vyote. Milio ya risasi ilisikika upande wa milimani, na familia mpya zilizidi kufika katika kambi ya waliokimbia vita zikiwa na magodoro kichwani. Hata hivyo, nyumbani kwao hakuna aliyelitamka neno kuhama. Mama yake, Mama Kaswera, akiulizwa aliinama zaidi juu ya sufuria. Baba alihofia kwamba habari ikitoka nje, waporaji wangelivamia duka kabla ya gari kufika. Lakini hata sababu hiyo hakuwaeleza watoto.

Duanye naye akabadilika. Aliacha kula. Alikojolea unga wa muhogo. Panya wakaanza kupita mchana bila haraka. Papa Apollinaire alipouona ule unga, alisema kwamba paka asiyefanya kazi atabaki palepale, kwani paka hawakosekani duniani. Kétsia alisikia neno moja tu: atabaki. Usiku ule aliamua kwamba Duanye hatabaki.

Muhindo, kaka yake wa miaka kumi na minne, alijua dawa ya zamani. Paka wa kuhamishwa hutiwa guniani, na gunia huzungushwa mpaka asahau njia ya kurudi. Kétsia alimkataza, lakini yeye akajaribu. Duanye alitoka guniani kama moto, akamparua mkono, akapanda darini chini ya mabati na kulala huko na njaa.

"Njo dawa yako hiyo?" Kétsia alimuuliza.

"Paka yako iko na wazimu," Muhindo alisema akiosha damu. "Zamani alikuwa duanye. Sasa amekuwa muasi wa porini."

Duanye aliposhuka, Kétsia alikaa chini na kumtazama kwa makini. Paka alikwenda pale magunia yalipokuwa, akanusa sakafu, akalia. Akaenda kwenye rafu ya chumvi, akanusa, akalia. Kisha akarudi nyuma ya mizani, mahali pekee ambapo hapakuwa pameguswa. Kétsia akaelewa. Duanye hakuwa na wazimu. Alikuwa anatafuta nyumba yake, na kila siku kipande kimoja cha nyumba hiyo kilipotea.

Akamfuata baba yake. "Papa, naomba kona moja tu. Ile ya mizani. Chukua vingine vyote, lakini pale usitoe kitu mpaka mwisho."

"Mwisho wa nini?" baba aliuliza.

Kétsia alizitazama rafu tupu. Kisha akamtazama yeye. Papa Apollinaire aligeuza uso na kusema sawa.

Kuanzia hapo Kétsia hakukosa hata siku moja. Aliomba kikapu cha mama yake chenye kifuniko, akakiweka katika ile kona na kutandika ndani yake kipande cha gunia alichozoea kulalia Duanye, bila kukifua. Mwanzoni aliweka ndagala kando ya kikapu, kisha ukingoni mwake, kisha ndani kabisa. Paka alipozoea kulala humo, alifunga kifuniko kwa muda mfupi na kukifungua kabla hajaanza kulia. Baadaye alimbeba kikapuni kuzunguka ua. Siku ya kwanza Duanye alilia njia nzima, na Muhindo akauliza maiti inazikwa wapi. Kétsia alirudi nyuma hatua moja, akaanza tena na kifuniko wazi. Kisha alimwomba Damascène, kijana wa pikipiki, awashe injini mbali kidogo, halafu karibu, wakati paka anakula.

Fuso, lori la kuwahamisha, ilifika kabla ya siku iliyopangwa, kwa sababu risasi zilikuwa zimesogea. Wapakiaji waliingia wakipiga kelele, wakivuta meza na vitanda. Duanye akatoweka. Baba alisema gari halimsubiri paka, na mama akaanza kumvuta Kétsia kwa mkono.

"Mama, acheni kona yangu tu," alisema Kétsia. Hakusogea. Aliwaomba wapakiaji watoke kidogo, akafunga mlango, akaketi kando ya kikapu na kugonga sahani. Paka hakutokea. Akagonga tena. Duanye alitambaa kutoka chini ya rafu tupu, tumbo likigusa sakafu, akaingia kikapuni mwenyewe.

Kule Kirotshe, kando ya ziwa, walipewa vyumba viwili kwa ndugu wa baba. Kétsia alimweka Duanye katika kile kidogo, pamoja na gunia lake lisilofuliwa na sahani yake, akafunga mlango kwa siku kadhaa. Kisha aliuacha wazi kidogo kidogo.

Muhindo aliketi kizingitini na viatu miguuni. Hakutaka kufungua begi lake. Hakuna aliyemsikia akicheka tangu wafike. Kila jioni aliuliza shule ya Kitshanga itafunguliwa lini, na kila jioni alijibiwa kwamba chakula kiko tayari.

Jioni moja Duanye alitoka chumbani. Alinusa kizingiti, akanusa begi la Muhindo, akakagua gunia la viazi mpaka pembe ya mwisho. Papa Apollinaire alimtazama paka, akamtazama mwanawe, akaketi chini kati ya watoto wake.

"Tumehama," alisema. "Nilipaswa kuwaambia kule kule. Ningewaambia mnyamaze, mungenyamaza. Lakini niliogopa, na nilidhani nisipolitamka neno hilo, halitatokea. Kétsia alimtayarisha paka siku kwa siku. Mimi sikuwatayarisha watoto wangu. Mtu akipenda watu wake, awaambie ukweli mapema, hata ukiwa mchungu, ili mioyo yao nayo ipate muda wa kufunga mizigo."

Muhindo alianza kufungua kamba za viatu. "Papa, tutarudi?"

"Sijui, mwanangu. Hilo njo jibu la kweli. Sijui, na mimi pia ninaililia Kitshanga."