Wiki ya Jiko Baridi

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, binti wa fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa amekwisha kufagia uwanja, kuosha vyombo na kumjazia baba yake kopo la chakula cha mchana. Nyumbani walimwita Kiherehere, na jina lilimkaa. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakujua kukaa na wazo likalala.

Jumatatu moja kopo halikuwa na chochote kilichopita motoni. Wiki iliyotangulia baba alirudi kutoka zahanati na karatasi: shinikizo la damu limepanda, apunguze chumvi na mafuta, ale mboga na matunda kwa wingi. Kiherehere aliisoma mara tatu. Akakumbuka gazeti la shuleni lililoeleza habari za watu wasiogusa nyama, maziwa wala mayai, na hata mimea huila mbichi. Basi akatangaza kwamba nyumba nzima itakula hivyo kwa wiki moja, jiko likae baridi. Kaka yake aliuliza kama watahamia zizini pia. Mama, ambaye kazi yake ni kushona, alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Baba hakucheka. Karatasi ile ilimtisha kuliko alivyokubali kusema, na binti yake aliliona hilo.

"Mimi nitakula utakachonipa, mwanangu," alisema.

Kazi haikuwa ya mchezo. Kiherehere alikwangua karoti mpaka vidole vikabadilika rangi. Alikata kabichi nyembamba, akaponda parachichi kwa ndimu na kitunguu. Mboga alizinunua kwa mama muuza mboga wa pale kwenye kona, akaziosha kwa maji safi mara mbili mbili. Choroko aliziloweka, akazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka zikachipua vijimkia vyeupe. Kaka mtu alinung'unika, lakini sahani yake ilirudi tupu. Siku ya tatu baba alisema anajisikia mwepesi, na Kiherehere akatembea siku hiyo kama mkuu wa shule.

Jioni ya siku hiyo choroko ziliisha. Mama alimwambia kwamba jambo asilolijua aulize kwanza, naye akaitikia naam, lakini neno likaingia sikio hili likatokea lile. Alikwisha kuloweka bakuli la maharagwe mekundu, na yalikuwa yanaanza kulainika. Mbegu ni mbegu, alijiambia. Asubuhi akayatwanga yakiwa mabichi vilevile, akakamulia ndimu, akajaza kopo.

Aliporudi kutoka shule alimkuta baba kitandani, uso umemsawajika, ndoo iko pembeni. Wenzake wa karakana walikuwa wamemleta baada ya kutapika mara sita. Nesi wa zahanati alikuwa ameketi karibu naye, akimnywesha maji yenye chumvi kidogo na sukari, akiuliza alikula nini. Mama alikwisha kujifunga kibwebwe. Alisema ni kabichi ya yule muuza mboga, bila shaka anaimwagilia maji ya mtaroni, na leo mtaa mzima utamjua.

Kiherehere alisimama mlangoni na begi lake mgongoni. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Mama muuza mboga atafukuzwa kwenye kona yake, na wiki ya jiko baridi itabaki bila doa. Lakini nesi alikuwa bado anauliza, na baba alikuwa anaumwa kweli. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mama, usiende," alisema. "Si kabichi. Ni mimi. Nilimpa baba maharagwe mabichi."

Nesi hakumkemea. Alieleza kwamba maharagwe mekundu yakiwa mabichi yana sumu, na kuyaloweka tu hakuiondoi. Lazima maji ya kulowekea yamwagwe, kisha maharagwe yachemshwe kwa moto mkali mpaka yaive. Kwa kuwa sasa anajua chanzo, alisema, anajua pia cha kufanya.

Ilipofika jioni kutapika kulikoma. Kiherehere alikwenda kwenye kona akamweleza mama muuza mboga yote, hata yale ya kibwebwe. Yule mama alicheka, akampa tango, akamwambia afadhali angemuuliza yeye.

Kiherehere hakukata tamaa. Kesho yake alikwenda zahanati na daftari. Nesi alimweleza kwamba mwili, hasa wa mtoto anayekua, hautoshelezwi na vyakula vibichi pekee. Basi wakapanga pamoja, wakaandika kwenye karatasi ya daftari: matunda asubuhi, bakuli la mboga mbichi kila mlo, na nafaka na maharagwe yaliyoiva vizuri, chumvi kiduchu. Mama aliibandika karatasi hiyo ukutani juu ya cherehani. Baada ya miezi miwili kipimo cha baba kilishuka, na nesi akampa mkono binti kabla ya kumpa baba.

Jioni hiyo baba alichungulia sufuria ya maharagwe iliyokuwa ikitokota.

"Ulinipenda tangu siku ya kwanza," alimwambia, "lakini nia njema haiivishi maharagwe, mwanangu. Usilolijua, uliza. Ukikosea, sema. Ungenyamaza siku ile, nesi angekuwa bado anatafuta ugonjwa kwenye kabichi."

"Nimesikia, baba," alisema Kiherehere, akachochea moto.