Mwiko wa Nestory

Kitu kiligonga mara tatu chini ya sakafu ya jiko. Happy akasema ni panya. Akamaliza kusonga ugali, akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, mara mbili, kama walivyozoea kwao Mbeya. Kule chini kukaanza kukwaruzwa, na harufu ya udongo mbichi ikajaa jikoni.

"Umegonga?" mama mkwe wake, Cornelia, alinong'ona.

"Nimekung'uta mwiko tu, mama."

Cornelia hakupiga kelele. Tangu wamzike mumewe Nestory, siku nne sasa, alikuwa ganzi mwili mzima, hata chozi halikumtoka.

Nestory alichimba mahandaki katika vita vya Kagera. Handaki likiporomoka, aliyefukiwa aligonga tatu: niokoeni. Wa juu alijibu mbili: nimesikia, nakuja. Rafiki yake Beda alipofukiwa, Nestory alijibu mbili, kisha ikaja amri waondoke. Beda aligonga mpaka jioni. Tangu hapo, nyumbani kwa Nestory pale Mpui, kugonga mwiko kulikuwa mwiko, na majirani walimcheka sana. Juma lililopita alisikia tatu chini ya shamba la ulezi. Akachukua sururu, akachimba, udongo ukamfukia.

Mzee Mboje, mganga, aliitwa mchana uleule. Alifukiza dawa jikoni mpaka mkwaruzo ukakoma.

"Huyu si Beda, wala si mumeo," alimwambia Cornelia kwa sauti ya chini. "Ni jini la shimoni, limejifunza kugonga kutoka kwa watu. Limemla baba, linamtaka mtoto. Yusto asiligongee tatu. Likiitwa, linakuja."

Yusto, mwana wa pekee wa Cornelia, mume wa Happy, alikuwa ameenda Majengo kwa fundi kuchukua msalaba wa kaburi. Cornelia akampigia simu. Ikalia nyuma ya nyumba, kwenye koti lake lililotundikwa kambani, na kutoka kaburini, ng'ambo ya mahindi, ukasikika mshindo mmoja wa nyundo.

Cornelia akakimbia bila viatu, akapita zizi, akapita matuta ya mahindi, akiita, "Yusto, acha, usigonge, baba, usigonge," na sauti haitoki, na mshindo wa pili ukalia, na alipomshika mkono, mshindo wa tatu ulikuwa umeshalia.

"Msalaba umesimama vizuri, mama," Yusto alisema, akifuta jasho.

Chini ya miguu yake kukagongwa mara mbili.

Hapo ndipo Cornelia alipoanza kulia.