Uvimbe Kifuani mwa Meneja

Jumamosi hiyo soko la Mbuyuni lilikuwa limefurika. Rahma alikuwa akichagua nyanya, baibui lake jeusi amelikunja lisiguse tope, alipoona watu wanapisha njia. Mbwa mkubwa wa kahawia alikuwa ameanguka kando ya mikungu ya ndizi, uso umemvimba, anahema kwa shida. Kijana mrefu mwenye shati la drafti alikuwa amepiga magoti akimbembeleza, "Meneja, amka twende nyumbani."

Rahma aliziacha nyanya. Alikuwa daktari wa mifugo, na wauzaji walishangaa kumwona binti wa Kiislamu wa Rau akimpapasa mbwa kifua bila kusita. Alimwambia kijana ambebe hadi kliniki yake. Njiani alijua kuwa anaitwa Jovin, analima kahawa huko Old Moshi, na mbwa aliachiwa na marehemu baba yake.

Picha ya eksirei ilionyesha uvimbe mbele ya moyo, mkubwa kama parachichi. Rahma alimweleza kuwa saratani za kifuani kwa mbwa ni nadra, na pale kuna mbili zinazofanana: ya mitoki, ambayo haikatwi, na ya tezi iliyo mbele ya moyo, ambayo mara nyingine hukatwa ikaisha. Alivuta sampuli kwa sindano, akamtoa Meneja maji kifuani.

Kwa wiki mbili, wakisubiri majibu, Jovin alishuka mjini na Meneja kila baada ya siku mbili, na jioni alipiga simu.

"Daktari, mgonjwa anakusalimia."

"Mgonjwa yupi?"

"Wote wawili."

Rahma alicheka, kisha akajilaumu kwa kucheka.

Lakini sampuli ilipokuwa tayari, kwenye darubini Rahma aliona chembe za mitoki tupu. Alimwambia Jovin ukweli kama alivyouona: ni saratani ya mitoki, zimebaki wiki chache. Jovin alimbeba mbwa wake, akaondoka. Tangu siku hiyo hakupokea simu.

Rahma alichanganyikiwa. Labda Jovin alikuwa akimpenda daktari tu, siyo yeye Rahma, na daktari ameshindwa. Alipolia, hakujua anamlilia mbwa au mwenye mbwa. Mama yake alimuuliza kinachomsumbua, akasema ni kazi.

Siku ya tano mwalimu wake wa chuo cha Morogoro, aliyekuwa amempelekea vioo vya sampuli ile avitazame naye, alimpigia. Saratani ya tezi nayo hujaa chembe za mitoki, alisema, na katikati yake ameziona chembe za tezi yenyewe. Inakatwa. Rahma alimpigia Jovin mara kumi na moja. Mwishowe akapanda bodaboda hadi Old Moshi.

Alimkuta mgombani akichimba shimo. Meneja alikuwa amelala pembeni, anamtazama.

"Nilijua unanipigia tupange siku ya kumchoma sindano ya mwisho," Jovin alisema bila kuinua uso. "Sikutaka kuisikia kwa sauti yako."

"Nilikosea, Jovin. Siyo ile niliyokwambia. Hii inaweza kukatwa."

Jovin aliketi kwenye ukingo wa shimo, akalia kwa mara ya kwanza tangu amzike baba yake. Rahma akaketi naye, udongo ukamchafulia baibui.

Mwalimu alikuja Moshi, wakapasua kwa saa tatu. Meneja aliamka. Siku ya kutolewa nyuzi, Jovin alibaki kliniki kuulizia jambo jingine: kama Rahma atakubali kuolewa naye.

"Wewe Mkatoliki, mimi Mwislamu," Rahma alisema. "Ninakupenda, hilo nina uhakika nalo. Mengine sijui. Nikikujibu leo ninaweza kukosea tena."

"Basi tusijibu leo. Nipeleke nikamsalimie mama."

Walitembea na Meneja hadi kwao Rahma, Rau. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Jovin aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Mama alimtazama kijana, kisha mbwa, kisha binti yake, akaelewa ni kazi gani iliyokuwa ikimliza.

"Marahaba," alisema. "Mbwa abaki nje. Wewe ingia."