Barua ya Saba

Barua ya saba ilikutwa Ijumaa, saa moja na robo asubuhi, kwenye mkeka wa mlangoni kwa fundi cherehani. Dada yake mkubwa ndiye aliyeiona, na ndiye aliyepiga simu kituoni.

Sajini wa dawati la manusura wa uhalifu alifika saa mbili kasoro dakika tano. Mvua iliyoanza alfajiri ilikuwa haijakatika. Maji yalipenya chini ya mlango, na mkeka ulikuwa umelowa chepechepe.

"Hatujaigusa, afande," alisema dada mtu. "Iko pale pale ilipoangukia."

Sajini alivaa glavu, akaiokota. Karatasi nyeupe, kavu, imekunjwa mara mbili. Ndani, herufi kubwa za kalamu nyekundu: ULIVYOJITAZAMA KWENYE KIOO NA GAUNI LA NJANO HUKUONA AIBU? MAHAKAMANI WATAKUCHEKA. TOKA UONE.

Fundi alikuwa kwenye kochi, kiganja kimeziba nusu ya uso. Mwaka uliopita mumewe alimmwagia tindikali, jicho la kushoto likafa. Mume yuko rumande, kesi ni Jumatatu, na shahidi pekee ni yeye. Tangu barua zianze, hajatia mguu nje.

"Hilo gauni ulilivaa lini?"

"Jana, saa kumi na moja jioni. Nilikuwa chumbani, pazia nimefunga. Ananionaje, afande? Kajificha ukutani?"

"Ni shemeji yako huyo, muuza nyama," dada yake alidakia. "Hana haya hata chembe."

Saa tatu Sajini alikuwa buchani. Muuza nyama, mdogo wake mume, hakuacha kukata mifupa.

"Unamchukia shemeji yako?"

"Namchukia. Kaka yangu anaozea ndani kwa sababu yake. Lakini barua? Mimi hata risiti huniandikia mke wangu."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Machinjioni, tangu saa kumi. Muulize daktari wa mifugo, ndiye aliyezipiga muhuri nyama hizi."

Daktari aliulizwa, akathibitisha: muuza nyama hakubanduka pale mpaka saa mbili.

Sajini alirudi saa tano na nusu na askari mmoja. Alisimama mlangoni, akaukanyaga mkeka. Maji yakatoka.

"Dada, jana chumbani alikuwa na nani?"

"Na mimi. Nilimfunga zipu."

"Mwingine?"

"Hakuna."

"Na barua iliyotoka mvuani, ikalala juu ya mkeka huu tangu saa moja na robo, imebakije kavu? Iliwekwa hapo muda mfupi kabla sijafika."

Dada mtu aliubana mkoba wake kwapani. Sajini akauomba, na kalamu nyekundu ikatoka pamoja na funguo.

"Kwa nini?" fundi aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Kabla hujaungua mimi nilikuwa nani?" Dada yake hakupandisha sauti. "Mgumba aliyeachika, anayekula kwa mdogo wake. Nilikuwa naokota vipande vya vitambaa miguuni pako mbele ya wateja. Ulipoungua, majirani wakaanza kuniita mama. Wananipisha kwenye foleni. Ukisimama mahakamani, ukarudi kwenye cherehani yako, mimi narudi sakafuni. Uso wako huo ndio ulionipa heshima. Nikuache upone?"

"Nilikuwa nalia kifuani kwako."

"Ndiyo. Na ulikuwa unalala vizuri baadaye."

Askari alimtia pingu. Mlangoni dada mtu aligeuka, akamwambia Sajini kama anayemwachia zamu mwenzake, "Dawa ya jicho ni saa sita kamili. Ukichelewesha anawashwa, atajikuna mpaka damu."

Walipoondoka, Sajini aliacha mlango wazi. "Jumatatu nitakufuata mwenyewe. Jaribu sasa hivi, hatua moja tu."

Fundi alisogea hadi kizingitini. Mvua ilimrukia vidole vya miguu. Alishika fremu kwa mikono miwili, na hakwenda popote.

"Alikuwa anaandika yeye," alisema. "Nimemsikia kwa masikio yangu. Mbona mguu haunyanyuki?"

Sajini alitazama saa: sita kasoro dakika mbili. Akamrudisha kwenye kochi, akanawa mikono, akaanza kuitafuta dawa katika nyumba ambayo hakujua kitu chochote kinawekwa wapi.